Kupe Aliijua Sauti Yangu

Kupe alisema mwanangu anapona siku ileile niliyomkuta amekaa jikoni na ndizi mkononi, nusu imemenywa, maji ya sufuria yamekauka mpaka chuma kinanuka.

Taa ilikuwa ya kijani. Ilionekana kupitia blauzi yake, chini kidogo ya mfupa wa bega, ndogo kama punje ya njegere.

"Atuganile."

"Abee, Mama."

"Sufuria inaungua."

"Naiona."

Aliiona kweli. Macho yake yalikuwa juu ya sufuria. Ila hakuinuka. Nikazima jiko, nikamweka sawa mjukuu wangu Sekela mgongoni, kisha nikaichukua ile ndizi na kumalizia kuimenya. Mkono wa mwanangu ulibaki wazi hewani, bado umeshika umbo la ndizi.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokwenda sokoni."

Nilikwenda sokoni saa tatu. Sasa ilikuwa inakaribia saa sita.

Nikaanza kuzungukazunguka. Nikiwa na wasiwasi siwezi kukaa. Nilifuta meza iliyokuwa safi. Nilifungua mlango wa uani, upepo wa Mbeya wa mwezi wa saba ukaingia kama mtu anayedai kitu chake, nikaufunga. Nilimwimbia Sekela. Nilimsimulia habari za jirani yetu Mama Tusa, alivyofukuzana na kuku mpaka kanga ikabaki kwenye senyenge. Nikaongea, nikaongea, maana kimya cha mwanangu kilikuwa kinanikaba. Na kila nilipomtupia jicho, taa ilikuwa palepale, kijani, inang'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Jina lake la serikali ni kipima-hali. Sisi tumemwita kupe tangu siku ya kwanza, kwa sababu anang'ang'ania ngozini na hatoki mpaka daktari amdondoshee dawa yake. Anahesabu mapigo ya moyo, hatua, na saa za kulala. Zaidi ya yote anasikiliza sauti: unaongea maneno mangapi kwa siku, unajibu upesi au unachelewa, sauti inapanda na kushuka au imelala chali. Kila asubuhi anakusanya hayo yote na kutoa rangi. Rangi inakwenda kwa daktari. Kwa watu wenye kazi kama ya Atuganile, inakwenda na kazini. Ikiwa nyekundu siku tatu mfululizo, kiti chako anakalia mwingine.

Na kazi ya Atuganile ilikuwa kujibu treni.

* * *

Treni za mizigo zinazotoka mpakani hazina dereva siku hizi. Zinajiendesha zenyewe mpaka zikutane na kitu zisichokielewa relini. Hapo zinauliza. Picha inatokea mbele ya mtu aliyekaa kwenye ukumbi kule Iyunga, naye ana sekunde sita za kujibu: simama, punguza, au pita. Ng'ombe ni simama. Mfuko wa nailoni unaopeperuka ni pita. Mtu asipojibu, treni inafunga breki yenyewe, lakini mabehewa themanini yakishuka mlima hayasimami kwa kuombwa, na zile sekunde zilizopotea hazirudi.

Mwanangu alikuwa anazijibu treni tisa kwa zamu moja. Kabla hajajifungua walikuwa wanamwita Mwepesi. Sekunde mbili, amejibu. Siku moja alinichukua nikamwone, nikasimama nyuma ya kioo na kujifuta machozi kwa furaha, na bosi wake, Bwana Mbwiga, akaniletea kiti na mto wa kuegemea bila mimi kuomba.

Kisha akaja Sekela, mtoto mzuri, mwenye mashavu. Mwezi wa tatu baada ya hapo mwanangu alianza kuvaa nguo zilezile. Mwezi wa nne aliacha kumwita mtoto kwa jina. Mume wake, Ipyana, yuko kwenye meli huko ziwani wiki tatu kila mwezi. Ndiye aliyenipigia simu akaniomba nije, na alipoomba alilia, naye ni mtu mzima. Nikafunga nyumba yangu Tukuyu, nikaja.

Nilimpeleka kliniki ya wagonjwa wa nje mimi mwenyewe. Daktari Nyamizi, binti mdogo wa Tabora mwenye mikono ya joto, alisema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Akampa vidonge visivyodhuru maziwa ya mtoto, akampangia mazungumzo na mshauri kila Jumatano, akambandika kupe.

"Kupe atakuuliza maswali ishirini," alisema. "Mjibu tu kwa kawaida, aizoee sauti yako."

Nje watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Muuguzi akachungulia mara mbili. Dokta akatoka kidogo kumwangalia mama mmoja aliyeanguka, akatuacha na kupe.

Kupe akauliza, "Unalalaje siku hizi?"

Atuganile aliangalia sakafu.

"Analala," nikasema. "Ila anaamka amechoka."

"Unakula vizuri?"

"Anakula kidogo. Jana alikula viazi."

Nilijibu yote ishirini. Ndivyo tunavyofanya kwetu: mgonjwa hachoshwi kwa maswali, aliyemleta ndiye anayejibu. Nilimjibia mama yangu alipougua. Nilimjibia baba yake Atuganile mpaka siku ambayo hapakuwa na swali tena. Niliona ni wema. Na nilijibu haraka haraka ili foleni isogee, huo nao niliuona wema. Dokta aliporudi, kupe alikuwa amekwisha kuwaka.

* * *

Wiki ya nane tulirudi kwa Dokta kuonyeshwa matokeo.

Getini pa kliniki kuna mlinzi anaitwa Sanga. Mvua ikinyesha anawavusha wagonjwa kwa mwavuli mmoja mmoja mpaka mlangoni, yeye mwenyewe akilowa. Kila tukifika ananiuliza mimi, "Mgonjwa anaendeleaje, Bibi?" nami najibu, "Hajambo, Sanga, tunamshukuru Mungu." Siku hiyo nilijibu hivyohivyo.

Ndani, Daktari Nyamizi aligeuza kioo chake tuone. Mstari ulikuwa umepanda kama ngazi.

"Hongera, Mama Sekela. Sauti imechangamka sana. Sauti ndiyo tunayoipa uzito mkubwa. Unaongea maelfu ya maneno kwa siku! Unajisikiaje mwenyewe?"

"Anaendelea vizuri, Dokta," nikasema. "Juzi alifua."

Ni kweli alifua. Alifua shati moja kwa saa nzima. Hilo sikulisema.

Dokta akafurahi. Alisema mazungumzo ya kila Jumatano yatakuwa mara moja kwa mwezi, ili nafasi ile apewe mama mwingine anayesubiri. Siku mbili baadaye, kazini nao, walipoona kijani mfululizo, wakamwongezea treni. Kutoka tisa zikawa kumi na mbili. Bwana Mbwiga alimpigia simu kumpongeza, na mimi nilisikia sauti yake ikicheka kwa furaha ya kweli.

Atuganile alisema, "Asante, bosi." Akaweka simu mezani kama mtu anayeweka jiwe.

* * *

Niligundua siku ya Jumapili, nikimwogesha Sekela kwenye beseni uani.

Atuganile alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu, taulo mapajani. Blauzi yake ilikuwa wazi juu kwa sababu alikuwa ametoka kunyonyesha. Nilikuwa namwimbia mtoto, namwaga maji kwa kikombe, naimba, namwaga. Nikaona ile taa inapepesa. Naimba, inapepesa. Nanyamaza, inatulia.

Nilikuwa ninajua maana yake. Dokta alitueleza: kupe akisikia sauti ya aliyembeba, anapepesa mara moja kuonyesha kwamba amesikia.

"Atu," nikasema. Taa ikapepesa. "Hebu sema kitu."

"Niseme nini?" Taa ikatulia tuli.

"Sema chochote. Sema jina la mtoto."

Alichelewa. "Sekela," akasema. Taa haikupepesa.

"Sekela," nikasema mimi. Ikapepesa.

Maji yalikuwa yanapoa na mtoto ameanza kulia, lakini mikono yangu haikujua ifanye nini kwanza. Nikamtoa, nikamfunika, nikamweka begani, nikazunguka beseni mara mbili. Wiki tisa nzima nilikuwa nimeongea humo ndani, nimeimba, nimecheka na Mama Tusa kwenye ua, na yote yaliandikwa kwa jina la mwanangu.

"Na usiku je?" nikamuuliza. "Kupe anasema unalala kwa saa saba."

"Nalala kimya, Mama. Sigeuki. Anadhani nimelala."

"Ulijua?"

"Hilo la sauti? Hapana." Aliangalia ile taa kama anaiona kwa mara ya kwanza. Kisha akafunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, mpaka shingoni. "Mama. Usiseme."

"Atu!"

"Usiseme. Tumpale wa kazini alipopata nyekundu walimwambia atakaa nje miezi mitatu tu. Huu ni mwaka wa pili. Kile kiti ndicho mahali pekee ambapo kitu kinaniuliza swali nami najua jibu. Hapa nyumbani Sekela akilia sijui anataka nini. Wewe ndiye unayejua. Ukinitoa pale, nitakaa humu ndani na ukuta." Akanishika kanga, kwenye pindo, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne. "Endelea tu kuongea, Mama. Wewe si unapenda kuongea? Vidonge nitameza. Nitapona taratibu. Asijue mtu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu nifike. Labda ndiyo maana nilisema sawa. Sitaki kujificha: nilisema sawa.

* * *

Basi nikaongea.

Asubuhi kabla hajaenda kazini nilikaa karibu naye na kusimulia chochote kilichonijia: harusi za zamani, ndoto, namna ya kupanda magimbi. Saa ya chakula nilimpigia simu, naye akaiweka mezani, sauti ikisikika nje, nami nikawa nahutubia sahani yake. Akirudi nilimfuata chumbani, jikoni, mpaka mlango wa choo. Jumanne asubuhi rangi ilitoka njano kidogo, nikaongeza. Jumatano ikawa kijani, nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

"Bibi Sekela," Mama Tusa alinichokoza juu ya ukuta, "umemeza redio?"

"Nimemeza, na betri zake."

"Basi itafutie kitufe cha kuizima, tupumzike."

Alicheka, kisha akanipa bakuli la asali kwa ajili ya koo, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza. Nililipokea. Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nauvika ugonjwa wa mwanangu rangi nzuri. Nikilala najiuliza, nikiamka najiuliza. Nikichambua maharage nilikuta nimechambua yaleyale mara mbili. Miguu ilinituma dirishani, mlangoni, dirishani. Kutwa nzima nilikuwa nasikiliza kama treni itapita, ingawa reli iko mbali na sisi na haisikiki.

Alhamisi saa nane mchana gari likasimama nje. Bwana Mbwiga alishuka, akazunguka, akamfungulia Atuganile mlango, akamshika kiwiko mpaka ndani. Hakuna bosi anayelazimika kufanya hivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Atuganile alipita moja kwa moja mpaka kwenye kochi. Bwana Mbwiga alibaki amesimama, kofia mkononi, akishusha sauti.

"Kuna mzee alikuwa anavuka reli na toroli la kabichi. Gurudumu likanasa. Treni ikauliza. Mwepesi hakujibu."

"Alichelewa?"

"Hakujibu kabisa, Mama. Treni ilijifungia breki yenyewe. Yule mzee aliruka. Amechubuka goti tu, nimeongea naye mwenyewe. Toroli ndilo lililosagika, na nimeshamwagizia jingine." Aligeuza kofia, akaigeuza tena. "Nimeandika kwamba kulikuwa na ukungu. Ulikuwepo kweli, kidogo. Rangi yake ni kijani, nani atauliza? Apumzike, Jumatatu arudi. Ni binti mzuri. Sitaki aharibikiwe."

Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Ndiyo, nilimshukuru, kwa sababu alikuwa amefanya kwa moyo safi.

Niliporudi, Atuganile alikuwa hajavua viatu. Nikapiga magoti nikamvua kimoja.

"Hukumwona yule mzee?"

"Nilimwona."

"Picha ilikuwa na ukungu?"

"Picha ilikuwa safi. Alikuwa na kofia ya sufu, ya bluu. Nilimwona mpaka kofia." Sauti yake ilikuwa tambarare kama anasoma orodha ya vitu. "Zamani, picha ikitokea, nilikuwa nahisi hofu hapa tumboni, hofu ndiyo iliyokuwa inanisukuma mkono. Leo nilikuwa naingoja. Nikasema ikija tu nitajibu. Haikuja, Mama. Nikawa namwangalia yule mzee anavuta toroli lake, na mimi nangoja kuogopa."

Kiatu kilibaki mkononi mwangu.

Yule mzee nyumbani kwake kuna mtu aliyemvalisha ile kofia asubuhi kwa sababu ya baridi. Hilo ndilo nililoliwaza. Nikamwaza Bwana Mbwiga na ukungu wake, na Dokta aliyetoa nafasi ya Jumatano kwa mama mwingine, na mimi na bakuli langu la asali. Wote tulikuwa watu wema. Wote tulikuwa tumemsitiri mwanangu, mmoja akitandika shuka juu ya shuka la mwenzake, mpaka akawa chini kabisa na hakuna aliyemsikia.

Nikamvalisha kiatu nilichokuwa nimemvua.

"Inuka. Chukua sweta."

"Tunakwenda wapi?"

"Kliniki."

"Siku yetu ni mwezi ujao."

"Tunakwenda leo."

Alinielewa. Uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Navunja ahadi."

"Utaninyang'anya kiti changu."

"Ndiyo," nikasema. "Nichukie, mradi uwepo unichukie."

Nilitegemea abishane. Nilitamani abishane. Aliinuka tu, akanyoosha mkono apitishwe kwenye sweta kama mtoto, na hilo liliniuma kuliko maneno yoyote ambayo angenitupia. Mama Tusa akampokea Sekela juu ya ukuta bila kuuliza kitu.

* * *

Daktari Nyamizi alikuwa anafunga kazi. Alitazama kioo chake, akatutazama sisi.

"Hapa kila kitu ni kijani, Bibi."

"Dokta, sauti hiyo ni yangu."

"Samahani?"

"Siku ile alipouliza yale maswali ishirini, nilijibu mimi. Huyo kupe ananijua mimi. Na tangu Jumapili nimejua, nikanyamaza. Hayo ndiyo yangu. Mengine ni yake kusema."

Dokta alisogea karibu, macho kwenye ile taa wakati nikiongea. Akamwomba Atuganile ataje jina lake. Akaniomba nami nilitaje. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akavuta kiti akakaa, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani.

"Nilitoka chumbani," alisema. "Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka. Na uliporudi nikakuuliza wewe, Mama Sekela, akajibu Bibi, nami nikaandika. Macho yangu yalikuwa kwenye mstari. Nisamehe."

Hakunikaripia hata kidogo. Alileta kichupa, akadondosha tone moja, kupe akaachia. Chini yake ngozi ya mwanangu ilikuwa na alama nyeupe, duara, kama pete iliyovaliwa miaka mingi. Dokta akamfuta kupe yote aliyokuwa akiyajua, akambandika tena. Taa ilikuwa nyeupe, haina rangi.

"Anaanza upya. Safari hii nitauliza mimi, siyo yeye. Unataka Bibi atoke?"

Atuganile alifikiri sana. Niliinuka nusu.

"Abaki," akasema. "Asijibu."

Nikakaa.

Dokta akageuza kioo ukutani, akatoa karatasi, karatasi ya kweli, iliyochoka pembeni.

"Katika wiki mbili hizi, unalalaje?"

Atuganile aliangalia sakafu tena.

Sijui kama umewahi kukaa karibu na mtoto wako anaulizwa swali ambalo jibu lake unalijua, ukanyamaza. Ulimi wenyewe unainuka. Nilishika pindo la kanga nikaliuma. Nikahesabu. Sekunde sita zikapita. Kule relini treni ingekuwa imeshafunga breki yenyewe. Kumi na tano. Thelathini. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi. Dokta hakukohoa, hakuangalia saa, hakumsaidia. Alingoja tu, mikono yake ya joto juu ya magoti.

Nilipofika arobaini na moja, Atuganile akasema, "Silali."

Taa ikapepesa.

"Nalala kimya ili Mama asijue. Lakini silali."

Swali la pili lilichukua sekunde ishirini. La tatu zaidi. Alisema chakula hakina ladha. Alisema anapomshika Sekela anaona anashika mtoto wa mtu mwingine aliyeombwa amtunze kidogo. Alisimulia habari za yule mzee na kofia ya bluu. Kila jibu, taa ilipepesa, na rangi ikaanza kuingia ndani yake, kwanza njano, kisha nyekundu, polepole, kama chai inavyokolea majani.

Dokta akafika swali la mwisho. Aliweka karatasi chini kabla ya kuuliza.

"Umewahi kufikiri ni heri usingekuwepo? Au kufikiri kujidhuru?"

Hapana. Neno lilikuwa limeshafika menoni. Hapana, Dokta, hapana kabisa, mwanangu hawezi, ameokoka, amesoma, ana mtoto. Niliuma kanga mpaka nikasikia ladha ya sabuni.

Sikuhesabu tena.

"Ndiyo," mwanangu akasema.

Dokta hakushtuka. "Asante kwa kuniambia. Mara ya mwisho lini?"

"Jana. Na leo kwenye gari, kidogo."

"Ulikuwa umefikiri utafanyaje?"

"Sijafika huko. Nilitaka tu kila kitu kinyamaze."

Wakaongea. Hapo ndipo matibabu yalipoanza, mimi naona hivyo, ingawa tulikuwa na wiki tisa za vidonge nyuma yetu. Dokta alibadilisha dozi. Alirudisha Jumatano, na kwa wiki mbili za kwanza akasema atapiga simu kila siku, yeye mwenyewe, na atasubiri jibu la Atuganile hata likichelewa. Vidonge nivitunze mimi, naye asiachwe peke yake; Ipyana aombewe ruhusa kwenye meli. Barua itakwenda kazini leo hii.

"Na kiti changu?" Atuganile akauliza.

"Kitakaliwa na mwingine kuanzia kesho. Barua itasema ni ugonjwa, na itakuwa na tarehe ya kukupima tena. Siwezi kukuahidi watakurudishia. Naahidi nitakuja kukidai pamoja na wewe."

Atuganile alilia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kwa sababu ya kile kiti. Sikumwambia anyamaze. Nilimtazama Dokta, naye akanisogezea kiti changu kikawa karibu na cha mwanangu, akarudi nyuma.

* * *

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya Mbeya isiyo na msimu. Sanga alituona, akaja na mwavuli wake.

"Bibi! Leo siyo siku yenu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Aliniuliza mimi, kama siku zote. Nikafunga mdomo. Nikamgeukia mwanangu.

Sanga alinitazama, akamtazama yeye, asielewe. Mvua ilikuwa inamdondokea kwenye masikio. Alingoja vilevile.

"Bado, baba," Atuganile akasema. "Bado naumwa."

Kupitia sweta niliona taa ikipepesa, nyekundu.

"Pole, mama," Sanga akasema. Akausogeza mwavuli wote upande wa mwanangu. "Basi twende polepole. Hapa mbele pana utelezi."